Mama Chupa Tupu

Siku hizi maabara ile ina kelele zake zote. Feni ya kabati la kuvutia moshi wa kemikali inanguruma, friji inatetemeka kama mtu mwenye homa, na mashine ya kupimia madini inavuta pumzi na kuishusha taratibu kama mzee aliyelala chali. Kuna hata redio ndogo dirishani, kitu ambacho zamani kisingethubutu kuingia humo. Kinachokosekana ni swali moja tu. Hakuna tena anayesimama mlangoni asubuhi na kuuliza, kabla hata hajasalimia: "Na tupu iko wapi?"

Aliyekuwa akiuliza hivyo ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliuliza swali hilo tangu akiwa msichana aliyetoka chuoni na koti jeupe lisilomtosha, mpaka mvi zikamjaa. Kila gari lilipotoka kwenda kuchota maji ya kupima, kisimani, mtoni au kiwandani, ndani ya sanduku la chupa alitia chupa moja ya ziada. Hiyo aliijaza mwenyewe maji yaliyochujwa na kuchemshwa mpaka hayakubakiwa na chochote. Huko kisimani walitakiwa waifungue, waiache ivute hewa kidogo, waifunge, wairudishe pamoja na wenzake. Ikifika inatiwa asidi kama wenzake, inawekwa kwenye friji kama wenzake, na mashine inainywa kama inavyowanywa wenzake. Hiyo ndiyo tupu. Ikikutwa na kitu, basi uchafu ni wetu: umetoka mikononi mwetu, kwenye chupa zetu, kwenye gari letu, na hatuna haki ya kusema neno lolote juu ya kisima cha mtu.

"Yule ni shahidi," alipenda kusema. "Kazi yake ni kutoona kitu. Siku akiona, kesi imekufa."

Madereva, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limekaa vibaya, hawakumwacha apumue.

"Mama, leo tupu yako nimeifunika vizuri," angesema mmoja wao, uso mkavu kabisa, wenzake wakijificha nyuma ya gari kwa kicheko.

"Ifunike, baba. Ikiingia vumbi nitakuita uje uioshe mbele ya mkeo."

Ndivyo lilivyomganda jina la Mama Chupa Tupu. Alilichukua bila kinyongo. Kwa kweli nadhani alilipenda, kwa sababu hakuna jina jingine lililowahi kutaja kazi yake sawasawa.

Nyumbani jina hilo lilikuwa na uchungu wake. Mumewe aliondoka mapema, na maneno aliyoyaacha kwa majirani ni kwamba amechoka kukaa na mtu anayempima. Alibaki na binti mmoja. Huyo binti alikua akijua kwamba kikombe husuuzwa mara tatu ndipo kikaitwa safi, na kwamba jambo lisilohakikishwa halisemwi. "Nimesikia" halikuwa neno la kutamkwa mezani kwao. Siku ya mahafali yake ya kumaliza shule, tupu ilikutwa na uchafu mchana ule, na mama ikabidi atupe kazi nzima na kuianza upya. Alipofika shuleni alikuta viti vimeshapandishwa kimoja juu ya kingine na mwanawe ameketi kwenye ngazi, cheti mapajani, akimsubiri. Hakuna aliyegomba. Walirudi nyumbani wakizungumza habari za mvua.

Kazini alikuwa na mtoto wa pili, kama tunavyosema. Kijana mmoja aliletwa kutoka chuoni, mrefu, mwembamba, mwenye jasho la haraka, wakamwita Mshumaa. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba hakuweza kushusha tone moja bila la pili kulifuata. Mama Chupa Tupu alimchukua. Alimfundisha kushusha jicho mpaka lilingane na mstari wa maji ndani ya pipeti. Alimfundisha kwamba kosa halifutwi: linapigwa mstari mmoja mwembamba, ili anayekuja aweze kulisoma, kisha unatia sahihi yako pembeni. Alimgawia chakula chake cha mchana. Miaka ilipita, mikono ya Mshumaa ikatulia, akaoa, akaota kitambi kidogo ambacho hakikulingana na jina. Mama alikuwa akimwonyesha wageni: "Huyu ndiye atakayefunga mlango siku nikiondoka."

Halafu wakaja wakaguzi, wale wanaoamua maabara ipi itambulike na ipi isitambulike. Bosi, mkuu wa maabara, alimkalisha Mama Chupa Tupu aandike utaratibu wote wa kazi. Aliuandika kwa namna alivyoishi. Matokeo yakizidi kiwango kinachoruhusiwa, kipimo kinarudiwa kesho yake kabla ya kuambiwa mtu yeyote wa nje, ndugu wa mpimaji akiwamo. Tupu inapimwa siku zote mbili. Ikichafuka siku yoyote kati ya hizo, kundi zima la sampuli linatupwa, na haiulizwi imechafuliwaje wala na nani, kwa sababu kila mpimaji ana sababu nzuri ya kuokoa kazi yake. Wakaguzi walisoma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Cheti kikatundikwa ukutani, Bosi akapigwa picha chini yake.

Wakati huo mamlaka ya nyumba ilikuwa inamalizia mtaa mpya nje kidogo ya mji: nyumba ndogo ndogo zilizopakwa rangi ya maziwa, kila moja na kipande cha uwanja, na tangi kubwa la maji juu ya nguzo za zege. Binti yake na mkwewe walikuwa wamepata nyumba ya kona. Walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja cha kupanga, kitanda na jiko vikigusana, na mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya chupa kwa sababu maziwa ya mama yalikatika mapema. Siku walipokabidhiwa funguo, binti alimpigia simu mama yake kazini, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mama, tuna jiko! Jiko lenye mlango!"

"Mlango unafungika?"

"Mama, jamani. Furahi kwanza, ukague baadaye."

Maji ya mtaa ule yaliletwa maabara yapimwe kabla ya watu kuhamia. Kwa kawaida mchotaji hufungua koki, huyaacha maji yatiririke mpaka yapoe, ndipo huchota. Hiyo ni njia nzuri ukitaka kujua habari za kisima. Mama Chupa Tupu alitaka kujua habari za mabomba. Alikwenda mwenyewe alfajiri, akaingia nyumba kadhaa ambazo bado zilinuka rangi, na kwenye kila koki akachota yale maji ya kwanza kabisa, yaliyolala bombani usiku mzima. Dereva alimuuliza kwa nini hayaachi yamwagike kwanza.

"Mwenye mtoto anayelia huyaacha yamwagike?" alimjibu. "Anakinga, anapasha, anampa."

Jioni yake mashine ilipoyanywa maji yale, namba zilipanda. Tupu ilikuwa safi, haina kitu. Maji ya kila nyumba yalikuwa na risasi, yale madini ya sumu, nyingi kuliko alivyowahi kuona kwenye koki ya mtu. Kisima hakikuwa na kosa, kwani maji ya tangini aliyoyachota kando yalikuwa safi. Ni koki na viungio vya mabomba, bidhaa za bei ya chini, zilizokuwa zikitema madini ndani ya maji kila yalipotulia.

Alimweleza Bosi, Mshumaa akiwapo.

"Risasi tena?" Bosi alijaribu kucheka. "Mbona unatutisha, mama, kama kuna vita?"

"Hii haina mlio. Inamwingia mtoto taratibu, inakaa kichwani."

"Una uhakika?"

"Uhakika nitakuwa nao kesho. Lazima turudie."

Bosi alitazama nje, kwenye maegesho. Wakubwa walikuwa wanakuja kuufungua mtaa ule siku chache zijazo; maturubai yalikuwa yameshakodiwa. "Kesho, basi," alisema. "Tufuate utaratibu."

Jioni hiyo Mama Chupa Tupu alimpigia simu bintiye. Alimwambia wasihamie kwanza. Binti aliuliza kwa nini. Mama akasema, "Nisubiri hadi kesho, mwanangu." Angeweza kusema yote palepale. Neno moja lingetosha, na angeaminiwa, maana alikuwa hajawahi kusema jambo likawa sivyo. Lakini kipimo kilikuwa hakijarudiwa, na sheria ya ndugu wa mpimaji alikuwa ameiandika yeye. Akakata simu, akaosha vyombo, akalala.

Asubuhi aliwasha mashine, akatanguliza tupu kama kawaida. Mshumaa alikuwa nyuma yake akipanga glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tupu ilikuwa na risasi.

Aliipima tena, ikarudi ileile. Akavaa miwani, akasogelea kioo, akatazama madini mengine. Mtu akishika chupa kwa mkono mchafu, uchafu huja na jamaa zake: kuna zinki, kuna shaba, kuna chuma cha vumbi. Humu hamkuwa na jamaa yeyote. Risasi ilikuwa peke yake, kama mgeni aliyealikwa. Na katika jengo lile palikuwa mahali pamoja tu ambapo risasi ilikaa peke yake: kwenye kichupa cha rafu ya juu ya friji, chenye maji yaliyotiwa risasi makusudi kwa kiasi kinachojulikana, ambayo mashine huonjeshwa ili ijue inachokitafuta. Tone moja la hicho kichupa lingetosha.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "nani alifungua friji baada yangu?"

"Friji hii inafunguliwa na kila mtu, Mama."

"Sikuuliza kila mtu."

"Sijui, Mama."

"Mkono wako umetulia siku hizi. Tone moja tu, wala la pili halikufuata."

Mshumaa alikuwa ameanza kutoka jasho. Alipozungumza, alizungumza kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Mama zaidi. "Mama, si wewe uliyetufundisha? Tupu ikichafuka hatuulizi imechafuliwa na nani."

Ofisini kwake, Bosi alikuwa na utaratibu mezani, ukurasa umeshafunguliwa. Alimsomea kwa sauti, maneno yake mwenyewe, akisimama kwenye kila nukta. Mama Chupa Tupu alimweleza habari ya risasi iliyokuja peke yake. Bosi alisikiliza mpaka mwisho.

"Unamtuhumu mtu?"

"Nasema nilichokiona."

"Ulichokiona ni tupu chafu. Mengine ni mawazo yako, na mawazo hayamo humu." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Au leo tunaanza kuchagua siku za kuufuata?"

"Basi nipe gari nikachote upya."

"Gari limeshaondoka. Wamekwenda wengine, ili usichoke."

Hao wengine walichota kwa njia ya kawaida. Walifungua koki, wakasimama uani wakipiga soga mpaka maji yakawa baridi, ndipo wakakinga. Tupu yao ilikuwa safi. Maji yao yalikuwa safi. Walirudia kesho yake, yakawa safi tena. Katika kazi ile yote hamkuwa na mstari mmoja wa uongo.

Yeye aliachiwa kutupa kazi yake. Alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ya saa nne ikapoa pembeni. Angeweza kukataa kutia sahihi; wapo waliomwambia hivyo baadaye, walipokuwa mbali na hatari. Lakini alikuwa ametupa kazi za watu kwa sheria hiyohiyo. Aliwahi kuwarudisha wanafunzi wakilia. Aliwahi kuwakosesha wenye viwanda haki waliyoapa kwamba ni yao. Alimwacha mwanawe kwenye ngazi za shule. Kama sheria ile ingevunjwa kwa kuwa safari hii maumivu yalikuwa ya kwake, basi wale wote aliwaonea. Akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya namba zake, ili anayekuja aweze kuzisoma, akatia sahihi pembeni. Hajatokea mtu wa kuzisoma.

Alipofika kwa bintiye alikuta chumba kimeshafungwa kwenye maboksi. Mtoto alikuwa amelala juu ya furushi la nguo. Mkwe alimletea kigoda, akamwamkia, akatoka nje kwa adabu, akijua mama na mwana wana lao.

"Usihamie," alisema Mama Chupa Tupu. "Maji yale yana risasi."

"Karatasi imebandikwa getini, Mama. Maji ni salama. Ina muhuri wa ofisi yako."

"Najua."

"Na wewe si ulipima?"

"Nilipima. Nikafuta."

"Nani kakulazimisha?"

"Hakuna. Nimefuta mwenyewe."

Binti alicheka kicheko kifupi, akakaa juu ya boksi. "Sasa nimwamini yupi, Mama? Wewe uliyepima au wewe uliyefuta?"

"Walinichafulia tupu."

"Tupu!" Sauti ilimpanda, mtoto akashtuka usingizini. Akaishusha. "Maisha yangu yote hiyo tupu. Uliniambia jambo lisilohakikishwa halisemwi. Juzi nimekuuliza kwenye simu, hukusema. Leo limetupwa, ndipo unalisema? Chumba hiki tumeshakirudisha. Mwenye nyumba keshampata mtu. Unataka nimlaze wapi huyu?"

Kila neno la binti lilikuwa limetoka kinywani mwa Mama mwenyewe, miaka mingi nyuma. Alimwomba jambo moja: asubuhi ayaache maji yatiririke mpaka yapoe kabisa, ndipo akinge ya mtoto.

"Sawa, Mama," alisema binti, kama mtu anavyomkubalia mzee anayeomba dirisha lifungwe wakati limeshafungwa.

Walihamia. Wakubwa walikuja, maturubai yakapigwa, utepe ukakatwa. Kazini, Mama Chupa Tupu aliondolewa kwenye mashine na kuwekwa dirishani kupokea chupa za watu. Bosi alisema ni kumpumzisha. Alivumilia kwa muda, kisha akaomba kustaafu kabla ya wakati wake. Kwenye hafla ya kumuaga walimpa saa ya ukutani, na Mshumaa, aliyekuwa sasa amekalia kiti chake, ndiye aliyetoa hotuba. Alisema Mama amewafundisha kufuata utaratibu hata unapouma. Watu walipiga makofi, naye Mama akapiga, maana maneno yenyewe yalikuwa ya kweli.

Alipokwenda kuwatembelea wanawe kwa mara ya kwanza, alilala kochini. Asubuhi alimwona binti akitoka chumbani, macho nusu, mtoto begani akilia, akaweka chupa chini ya koki, akafungua, ikajaa, akafunga. Kitendo chenyewe kilikuwa cha kupepesa jicho. Binti hakuwa amekaidi. Alikuwa tu na usingizi, na mtoto alikuwa na njaa.

Wiki ile Mama alihamishia vitu vyake kwao.

Mjukuu sasa anatembea. Ni mtoto mzuri, mpole, anayependa kukaa chini ya meza. Amechelewa kusema. Wifi zake binti wanasema watoto hawalingani, na mkwe anasema hata yeye alichelewa, na huenda ni kweli. Mama Chupa Tupu akiulizwa husema hajui. Hana cha kupimia, na hata angekuwa nacho, hajui mtoto huyu angekuwaje kama angenyweshwa maji mengine. Wa kulinganisha naye hayupo.

Mkwe hunung'unika kidogo mwisho wa mwezi, bili ya maji inapokuja. "Mama, maji yanakwenda, jamani."

"Nayakinga kwenye ndoo, baba. Tunapigia deki."

Anaishi humo, kwenye nyumba ya kona, chumba cha nyuma kinachopakana na jiko. Huamka kabla ya wote na kufungua koki.